Dodoso, mfumo au kikao? Kuchagua njia ya kukusanya takwimu za misaada Nyanda za Juu Kusini

Ukikabidhiwa kazi ya kukusanya takwimu za misaada katika mikoa ya Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa, haitapita wiki kabla hujaulizwa: tunatuma dodoso, tunachota kwenye mifumo, au tunaitisha kikao? Wengi hujibu kwa kuangalia fungu lililobaki. Ushauri wangu ni uangalie kwanza umeulizwa nini, maana kila njia ina swali inaloliweza na swali inaloliharibu.

Tuweke sawa zoezi lenyewe kabla ya kulinganisha: ni ufuatiliaji wa kimataifa wa jinsi misaada inavyotolewa na kutumika. Azimio la Paris la mwaka 2005 liliweka viashiria 12 vya kupima kama wahisani na nchi zinazopokea misaada wanatimiza walichoahidiana. Tathmini zilifanyika 2006, 2008 na 2011, na ya mwisho ilionyesha kuwa katika malengo 13 ya dunia limefikiwa moja tu. Mkutano wa Busan wa mwishoni mwa 2011 ukazaa ubia mpya wa kimataifa wa kusimamia ahadi hizo, na OECD, jumuiya ya nchi zilizoendelea kiuchumi, pamoja na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ndio wanaousaidia kwa kazi za kila siku. Duru ya ufuatiliaji ya 2018 ilizishirikisha nchi 86. Ile ya 2023 hadi 2026 ilikuja na utaratibu uliorekebishwa, ambapo kila nchi inachagua yenyewe ianze lini. Majibu yake yanalisha pia viashiria vya Malengo ya Maendeleo Endelevu, kikiwemo kile cha usawa wa kijinsia kwenye bajeti.

Sisi Watanzania hatukuanza na Paris. Mwaka 1995 jopo huru lililoongozwa na Profesa Gerald Helleiner lilishaandika jinsi uhusiano wa serikali na wahisani ulivyoharibika na jinsi ya kuutengeneza, na mwaka 2006 tukawa na MPAMITA, Mkakati wa Pamoja wa Misaada Tanzania. Kwa hiyo mchumi wa halmashauri mwenye miaka ishirini kazini ameshaona madodoso ya aina hii yakija na kuondoka. Usimshangae akikupokea kwa uvivu kidogo.

Kila nchi inayoshiriki inateua mratibu wa kitaifa, ambaye kwa kawaida hukaa wizara inayoshika fedha au mipango. Asasi za kiraia nazo zina mwakilishi wao, na sekta binafsi hali kadhalika. Mratibu huyo hana muda wa kuzunguka Busokelo na Ludewa. Mikoa minne hii peke yake ina halmashauri 23. Anategemea watu wa kati, awe mchumi wa sekretarieti ya mkoa au msimamizi wa mtandao wa asasi, na huyo ndiye ninayemwandikia hapa.

Pesa ni swali moja, mwenendo ni lingine

Ukiyasoma maswali ya zoezi kwa utulivu utaona yanagawanyika. Kuna yanayouliza pesa: zilipangwa kiasi gani kwa mwaka wa fedha wa rejea, zikatoka kiasi gani, zipi ziliingia kwenye bajeti iliyopita bungeni, zipi zilitumia taratibu za serikali za uhasibu, manunuzi na ukaguzi. Halafu kuna yanayouliza mwenendo. Je, mfadhili aliuchukua mpango wa nchi, au alikuja na wake? Asasi zilishirikishwa lini, kabla ya uamuzi au baada? Wafanyabiashara wanaitwa mezani na nani?

Swali la pesa lina jibu moja sahihi ambalo limeandikwa mahali fulani. Kazi yako ni kulipata na kulisafisha. Swali la mwenendo lina majibu kadhaa kutegemea unamuuliza nani, na tofauti zenyewe ni takwimu. Ndiyo maana kwenye kiashiria cha mazingira ya kazi ya asasi, duru ya 2018 iliziuliza pande tatu: serikali, asasi na wahisani. Aliyepewa dodoso moja la kujibu yote haya kwa pamoja atajaza pesa kwa kukisia na mwenendo kwa adabu.

Dodoso

Dodoso la Ekseli linaloambatishwa kwenye barua pepe ndilo linalopendwa, na naelewa kwa nini. Halidai posho wala mafuta. Unaliandaa Jumatatu, Jumanne limeshafika Mafinga. Shida iko kwenye kinachorudi.

Chukua safu moja tu, ile ya kiasi kilichopokelewa. Asasi ya kwanza imeandika 45,000 bila kutaja sarafu. Ya pili imeandika 112m. Ya tatu imeweka fedha zote za mkataba wa miaka mitatu, kwa sababu mkataba ndio uliokuwa mezani siku hiyo. Ya nne imeandika "kama mwaka jana". Hakuna aliyedanganya hapo, ila huwezi kuzijumlisha. Hata ile 45,000 ukishajua ni dola bado hujamaliza. Katika nusu ya pili ya mwaka 2024 dola ilifika zaidi ya shilingi 2,700, na kufikia Desemba ikashuka hadi karibu 2,400. Kwa kiwango cha kwanza hizo ni milioni 121.5, kwa cha pili ni milioni 108. Kwa hiyo sarafu iwe na safu yake, na kiwango cha kubadilishia ukipange wewe kwa wote. Mjazaji aandike alichopokea kama kilivyoingia benki, basi.

Halafu kuna habari ya kibao. Kwenye zahanati iliyojengewa wodi ya wazazi kwa msaada, mara nyingi utakuta kibao cha bati mbele ya jengo chenye nembo tatu: ya aliyetoa fedha, ya shirika la kimataifa lililozipitisha, na ya asasi ya hapa iliyosimamia mafundi. Wote watatu wakijaza dodoso lako kwa uaminifu, wodi moja imekuwa tatu na fedha zimezidishwa mara tatu. Kwa fedha zinazokwenda serikalini mwongozo wa kimataifa una dawa yake: anayeripoti ni yule aliyezikabidhi kwa serikali mara ya mwisho, na waliomchangia nyuma yake wanakaa kimya. Igeuze kanuni hiyo iwe maswali mawili kwa asasi: fedha hizi umezipata kwa nani, na zipi umempa nani mwingine? Ukibanwa nafasi, futa maelezo ya mradi yote lakini hayo mawili yaache.

Kwa halmashauri dodoso lina gharama isiyoandikwa kwenye bajeti, nayo ni barua. Mchumi wa wilaya hata akiwa mlisoma naye Uyole atakuuliza kwanza, "Limepitia kwa RAS?" Barua iende kwa Mkurugenzi Mtendaji, ipitie kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ndiye RAS, iwe na kumbukumbu namba na jina la zoezi lililoeleweka. Bila hiyo hata mtu mwenye nia njema hawezi kukupa namba, kwa kuwa kesho akiulizwa alimpa nani na kwa idhini ya nani hana karatasi ya kuonyesha. Ukisema dodoso ni la wiki moja huku barua inachukua wiki mbili kuzunguka masijala, umejidanganya mwenyewe.

Kuna wanaopendelea dodoso la kwenye simu, kwa programu ya KoboToolbox au nyingine ya jamii hiyo. Kwa karani anayezunguka kaya na vituo ni zuri, linafanya kazi hata pale mtandao unapokata milimani Makete. Kwa mhasibu silipendi. Mhasibu anahitaji kufungua majalada, kupiga simu Dar es Salaam, kurudi baada ya siku mbili na kusahihisha mstari wa saba. Anahitaji jedwali analoweza kuliona lote kwa mara moja.

Mifumo iliyopo

Fedha za halmashauri sasa zinapita MUSE, mfumo wa malipo wa serikali. Mipango na bajeti zake ziko PlanRep, na zahanati na shule zinatunza hesabu kwenye FFARS. PlanRep iliyoboreshwa na FFARS zilianza kutumika 2017 kwa msaada wa Marekani, yaani tunaweza kufuatilia misaada kwa sababu tulipewa msaada wa kuifuatilia. Tuendelee.

Kwa swali la pesa zinazopita serikalini, hakuna dodoso litakaloshinda mifumo hii. Tazama Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wahisani kadhaa, ambao tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha zake zinakwenda moja kwa moja kwenye vituo. Zahanati ya Ileje ilipokea kiasi gani na lini, hilo linaonekana bila kumsumbua mganga mfawidhi. Usichoweza kuona ni shilingi ipi ilikuwa ya Denmark na ipi ya Uswisi, kwa sababu zilishachanganywa huko juu. Ngazi ya mkoa usijisumbue nalo. Hilo ni la mratibu wa kitaifa na Hazina.

Miradi mikubwa nayo ichukuliwe huko huko. Mradi wa REGROW wa kukuza utalii wa kusini, uliogusa Ruaha, uliidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2017 kwa dola milioni 150. Ulikuwa mkopo nafuu, na mkopo nafuu nao unahesabiwa. Aprili 2024 benki ilisimamisha malipo, na Novemba mwaka huo mradi ukafutwa. Mstari mmoja kama huo una uzito kuliko madodoso mia ya asasi ndogo, na unaonyesha kwa nini safu ya "kilichopangwa" na safu ya "kilichotoka" zisiwahi kuunganishwa. Anayezunguka Njombe akitafuta vikundi vya milioni nane huku mstari wa REGROW haujajazwa amepoteza mafuta.

Ila mifumo ina mashimo, na huku kwetu mashimo yenyewe ni makubwa.

La kwanza ni fedha zinazokwenda moja kwa moja kwenye mradi, zile ambazo watu wa fedha wanaziita D-fund. Mfadhili anamlipa mkandarasi au mshauri mwenyewe, na serikali inaingiza kwenye vitabu baadaye ikishaletewa taarifa. Isipoletewa, fedha haipo. La pili ni vitu visivyo fedha: dawa, magari, wataalamu. La tatu ni fedha za asasi, ambazo kwenye MUSE hazina sababu ya kuwepo kabisa. Huduma za VVU mkoani Mbeya kwa miaka mingi zilibebwa na fedha za PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, zilizopitia Walter Reed, taasisi ya utafiti ya jeshi la Marekani. Ukitafuta Mbeya kwenye hesabu za halmashauri utakosa sehemu kubwa yake. Ukitafuta chini ya USAID, lililokuwa shirika la misaada la Marekani, utakosa vilevile, kwa sababu mfereji wake ulikuwa Wizara ya Ulinzi. Mhisani mmoja anaweza kuwa na milango mitatu minne, na mfumo hautakwambia ipi hujabisha.

Wapo watakaokwambia uchukue kwenye kanzidata za wahisani wenyewe, hasa zile zinazofuata kiwango cha IATI, mpango wa uwazi wa misaada uliozinduliwa Accra mwaka 2008. Chukua, lakini soma safu ya mahali kwa mashaka. Njombe ilitoka Iringa mwaka 2012, Songwe ikatoka Mbeya mwaka 2016. Mradi ulioanza kabla ya hapo unaweza kuwa bado umesajiliwa kwa mkoa wa zamani, ukakuta kazi ya Makete inahesabiwa Iringa na ya Tunduma inahesabiwa Mbeya. Fanya kazi kwa majina ya halmashauri, mkoa uujaze mwenyewe mwishoni.

Mwaka nao unasumbua. Zoezi linataka mwaka wa fedha wa serikali, kwetu Julai hadi Juni. Wamarekani wanahesabu Oktoba hadi Septemba, kwa hiyo mwaka wao wa 2024 na wetu wa 2023/24 unagongana miezi tisa tu. Wajerumani wanatumia Januari hadi Desemba. Waingereza wanaanza Aprili. Ukikuta mhisani amekupa "2024" bila miezi, hujapewa takwimu bado. Omba tarehe za malipo upange mwenyewe.

Na jambo la mwisho kuhusu kutegemea kanzidata ya mwenzio: inaweza kuzimwa. Tarehe 20 Januari 2025 Marekani ilisitisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na siku chache baadaye tovuti ya USAID ikatoweka. Julai shirika lenyewe likafungwa. Wiki zile zile ambazo kila mganga mkuu wa wilaya alitaka kujua ni wahudumu wangapi wanalipwa na mradi, mahali pa kuangalia pakawa hapapo. Chochote unachochota, hifadhi nakala yako siku hiyo hiyo na uandike tarehe.

Kikao

Kikao ndicho ghali kuliko vyote. Kuna nauli, malazi, posho, ukumbi na chai. Kuna pia mgeni rasmi, ambaye hotuba yake ikianza saa nne inakwisha wakati wa chakula cha mchana. Nimekaa kwenye vikao vya takwimu ambavyo takwimu yenyewe ilitajwa alasiri, watu wakiwa wanaangalia saa ya basi.

Bado nakipigia debe, kwa sharti moja. Namba ziwe zimeshakuja. Kikao kifanyike mwishoni, kihakiki tofauti. Bandika ukutani jedwali lenye safu mbili kwa kila mradi: alichosema mfadhili au asasi, na kilichoko kwenye vitabu vya halmashauri. Zinapolingana, msiziguse. Zinapopishana kwa zaidi ya asilimia kumi, mwite mchumi husika na mtu wa asasi wakae meza moja na majalada yao. Utashangaa jinsi tofauti ambayo barua pepe nne hazikuitatua inavyokwisha ndani ya dakika kumi. Mmoja anasema, "Ile pikipiki sisi hatukuiandika," mwingine anasema, "Sisi tuliiandika kwa bei ya duka," imekwisha.

Mahali pa kikao nako kuna hesabu yake. Mazoea ni Mbeya mjini, kwa kuwa kumbi ziko huko. Kwa mikoa minne ningefanya Makambako. Barabara ya Njombe inakutana hapo na barabara kuu ya Iringa na Mbeya, na mtu wa Iringa anaweza kufika asubuhi na kurudi jioni. Wa Kyela na Momba watanuna, ndiyo, na hao walipiwe malazi.

Kwa maswali ya mwenendo kikao ni lazima, ila siyo kikao hicho hicho. Asasi iliyosajiliwa haitasimama mbele ya afisa maendeleo ya jamii, anayepokea taarifa zake, ikaseme haishirikishwi. Haitasema pia mbele ya mfadhili kwamba masharti yake yanabadilika katikati ya mwaka, wakati mkataba mpya haujasainiwa. Nao maofisa wa halmashauri wana ya kwao kuhusu miradi inayoanza wilayani bila kupita kwa mkurugenzi, ambayo hawatayasema mbele ya wageni. Kila upande ukae peke yake kwa nusu siku, uandike majibu yake, ndipo majibu yapelekwe kwa mratibu yakiwa yametengana. Anayeyaunganisha mapema ili yapendeze ameharibu kiashiria.

Sasa uchague ipi

Ukiwa na miezi mitatu na fungu la wastani, anza na mifumo. Pata orodha ya miradi mikubwa na fedha za serikali bila kumwandikia mtu yeyote zaidi ya RAS. Kisha tuma dodoso fupi la ukurasa mmoja kwa asasi na kwa miradi ya D-fund peke yake, na umalize kwa kikao cha uhakiki cha siku moja. Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa mikoa yetu, na nafasi ya dodoso hapo ni ndogo kuliko wengi walivyozoea.

Ukiwa umeulizwa pesa tu, bila mwenendo, na muda ni mwezi mmoja, achana na kikao. Weka simu na barua pepe kwa tofauti zile kubwa.

Ukiwa mtandao wa asasi na hupewi ruhusa ya kuona mifumo ya serikali, usijaribu kujenga picha nzima ya mkoa. Toa upande wako ukiwa safi: nani alikupa, nani ulimpa, sarafu gani, tarehe gani. Mratibu ataulinganisha na wa serikali huko juu, na namba yako ikiwa safi ndiyo itakayosimama wakipishana.

Na ukiwa na wiki mbili, fungu hakuna, na mratibu anakupigia kila asubuhi? Chukua wafadhili kumi wakubwa, usiongeze wa kumi na moja. Wagawe wawili kwa siku, mpigie mhasibu wao na siyo mkurugenzi, mwombe tarehe za malipo za mwaka wa fedha uliopita na umtumie muhtasari kwa WhatsApp athibitishe kwa maandishi. Maswali ya mwenendo yaache wazi, uandike kwenye fomu kuwa hayakukusanywa. Safu tupu yenye maelezo mratibu anajua la kuifanyia, iliyojazwa kwa kukisia hawezi kuitofautisha na ya kweli.